Uniti Moja ya Umeme Ina Maji Kiasi Gani?

Mtumiaji hununua umeme kwa uniti, na uniti haionekani wala haishikiki. Ndiyo maana ni rahisi kuitumia ovyo. Ziwa Walchensee, katika Milima ya Alpi kusini mwa Ujerumani, linatupatia kipimo kinachoonekana kwa macho.

Ziwa hilo ni la asili. Liko takribani mita 200 juu ya ziwa jirani, Kochelsee, na tofauti hiyo ya kimo ndiyo hazina yenyewe. Mwaka 1924 kituo cha kufua umeme kilifunguliwa kando ya Kochelsee. Maji huteremka mlimani kwa mabomba sita makubwa na kuzungusha mitambo minane, ambayo minne kati yake huzalisha umeme wa treni. Uwezo wa kituo ni megawati 124.

Sasa tufanye hesabu. Lita 1,000 za maji zikishuka mita 200 hutoa takribani nusu uniti. Kwa hiyo uniti moja huhitaji lita 2,000 hivi, yaani mapipa kumi ya lita 200. Jiko la umeme la wati 1,000 likiachwa likiwaka saa moja bila chungu juu yake, mapipa kumi yameteremka bure.

Kina cha Walchensee hufikia takribani mita 190, na msomaji aweza kudhani hiyo ni akiba isiyokwisha. Sivyo. Kinachotumika ni mita chache za juu tu. Maji yaliyo chini ya mlango wa kuingilia mitamboni hayafui chochote. Tena, vijito vinavyoingia ziwani kwa asili havitoshi kulijaza upya. Kwa sababu hiyo banio lilijengwa huko Krün, na maji ya Mto Isar yakageuzwa kuelekea ziwani. Kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya mwaka, mto chini ya banio ulibaki kokoto tupu. Umeme ulipatikana bila moshi, lakini gharama hiyo haikuandikwa katika ankara ya mtu yeyote.

Tangu mwaka 1990 kiasi fulani cha maji huachwa kipite Krün. Kibali cha kituo kinafikia kikomo mwaka 2030, na kiasi hicho kitapimwa upya. Hesabu ni ileile: kila mapipa kumi yanayobaki mtoni ni uniti moja isiyofuliwa.