Sekunde 24: Kazi ya Refa na ya Mtu wa Saa

Ugomvi mwingi katika mpira wa kikapu hauanzi kwa faulo. Huanza pale kengele ya sekunde 24 inapolia mpira ukiwa hewani. Benchi moja linaruka likidai mpira, benchi la pili linasema bao ni halali, na refa hana jibu. Tumeona vijana wakikaribia kushikana mashati kwa jambo ambalo sheria imekwisha kulimaliza. Basi tujifunze pamoja.

Saa hii ilitoka Marekani. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwashinda Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mchezo mzima! Ilikuwa ni kushikilia mpira tu. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse Nationals, alipiga hesabu: mchezo una sekunde 2,880, na mchezo mzuri una mirusho kama 120 ya timu zote mbili. Gawanya, utapata 24. Ligi ya NBA ikaanza kuitumia mwaka huo huo. FIBA, shirikisho la dunia, lilianza na sekunde 30 mwaka 1956, likashuka hadi 24 mwaka 2000.

Sheria ya FIBA inataka mambo mawili. Mpira uwe umetoka mkononi kabla ya kengele, halafu uguse ringi au uingie kikapuni. Kugusa ubao peke yake hakutoshi. Wengi viwanjani hudhani ubao unatosha, sivyo.

Sasa kengele imelia na mpira uko hewani. Refa, usikimbilie filimbi. Ngoja uone. Ukiingia, bao linahesabiwa. Ukigusa ringi bila kuingia, mchezo unaendelea kana kwamba hakuna kengele. Ukikosa ringi kabisa ni kosa, lakini hata hapo tazama tena: kama wapinzani wameudaka papo hapo na wameushika vizuri, waache wacheze. Ukipuliza, umewanyima nafasi ya kukimbia nao hadi upande wa pili, ilhali wao ndio waliolinda vizuri. Yaani umewaadhibu wasio na kosa. Refa mwenye pupa huharibu hapa kuliko mahali pengine popote.

Kama hawajaudaka, piga filimbi, inua mkono ukiwa wazi kusimamisha saa, kisha gusa bega kwa vidole. Wapinzani wanarusha kutoka nje, karibu na mahali mchezo uliposimama, ila si nyuma ya ubao moja kwa moja. Mchezaji haandikiwi faulo.

Tuje kwa mtu wa saa. Mara nyingi tunamwita mtoto yeyote aliyekaa karibu na meza, tena pengine ni shabiki wa timu moja. Hiyo si haki kwa timu, wala kwa huyo mtoto atakayefokewa na watu wazima. Mtu wa saa afundishwe kabla, na afahamu kwamba mlinzi kuugusa mpira tu hakuanzishi saa upya. Mlinzi akiupiga ukatoka nje, timu ile ile inarudi na sekunde zilizobaki. Kama ni 5, ni 5. Mpira ukigusa ringi na washambuliaji wakaudaka tena, wanapata 14, si 24. Wapinzani wakiudaka, wanapata 24 kamili.

Faulo ya mlinzi isiyo na mirusho huru ndiyo huwachanganya wengi. Mpira ukirushiwa katika nusu ya nyuma ya washambuliaji, saa inarudi 24. Ukirushiwa nusu ya mbele, angalia saa: ikiwa 14 au zaidi, inaendelea ilipoachia, ikiwa 13 au chini, inawekwa 14. Na kila mpira wa kurushwa kutoka nje, saa huanza mchezaji aliye uwanjani anapougusa, si unapotoka mkononi mwa mrushaji.

Je, kengele ikilia kimakosa? Ipuuzwe, mchezo uendelee. Lakini refa akiona timu yenye mpira imeumia kwa kosa hilo, kwa mfano wachezaji wamesimama wakidhani muda umekwisha, asimamishe, saa irekebishwe, na timu hiyo irudishiwe mpira.

Viwanja vyetu vingi havina saa ya taa. Tunashauri mtu mmoja ashike stopwachi na kengele ya mkono, asimame panapoonekana, na aite "kumi!" zikibaki sekunde kumi. Katika mchezo wa watatu kwa watatu, wenye sekunde 12, sheria yenyewe inasema pasipo na saa, refa anayeona timu inachelewesha ahesabu sekunde tano za mwisho. Utaratibu wowote mtakaotumia, waiteni makocha wote wawili mezani kabla ya mpira kurushwa juu, waelezwe mbele ya mtu wa saa, na jina lake liandikwe kwenye karatasi ya mchezo.