Je, Kuna Magamba ya Kale Kiambere?

Muhula uliopita kijana mmoja wa kidato cha pili alileta darasani jiwe aliloliokota kando ya bwawa letu la Kiambere. Lilijaa vipande vyembamba vinavyometameta, naye akaapa kwamba ni magamba ya samaki wa enzi za dinosaria. Ati angeliuza Nairobi! Mabishano yakawa moto, ndipo nikaona heri niandike haya.

Kile king'aacho ni ulanga. Jaribu kwa ukucha, utaona unabanduka kama kurasa za daftari. Miamba ya huku kwetu ni miamba geu: ilipikwa na kubanwa chini ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla dinosaria hawajakuwako.

Visukuku vyataka mashapo, yaani matope na mchanga uliomfunika samaki mapema. Nyama huoza, lakini jino ni kama jiwe tangu mwenyewe yu hai, kwani lina kalisi na fosfati, tena limevikwa enameli. Papa hana mfupa, ana gegedu tu, nayo huoza. Ila meno humdondoka na kuota mengine maisha yake yote, maelfu kwa maelfu. Ndiyo sababu meno ya papa yanaokotwa kwa wingi. Magamba nayo hudumu. (Kambare wetu hana, kwa hivyo huyo msimtafute kwa njia hiyo!)

Sasa sikilizeni kisa cha silakanti. Katika mawe, alama zake zilikoma pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita, basi wataalamu wakasema ametoweka. Lo! Desemba 1938 akavuliwa Afrika Kusini. Bi. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London ndiye aliyemtenga na samaki wengine. Matumbo yalikwisha kutupwa kabla J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia aliyependa samaki, hajafika. Lakini ngozi na magamba vilikuwapo, akamtambua. Mwaka wa 2001 mwingine alinaswa baharini karibu na Malindi, hapa hapa Kenya.

Anayetaka mawe ya enzi za dinosaria humu nchini na aende milima ya Lapur, kaskazini mwa Turkana, ambako mawe ya mchanga yametoa mifupa yao. Akiona jino asilichokoe kwa panga. Apige picha, aweke alama, awaarifu Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka wa 2006 inakataza kutoa kisukuku nje ya nchi bila kibali. Na jino likishang'olewa ovyo, nani atajua lilikuwa katika tabaka lipi?