Kurudi Uraiani: Maswali ya Wastaafu wa Jeshi Mbulu na Hanang

Askari aliyestaafu JWTZ akirudi Dongobesh, Haydom au Katesh hukuta majirani waliozoea kumwona wakati wa likizo tu. Maswali yake, na ya mkewe, yanafanana.

Pensheni yangu inalipwa na nani?
Na Hazina. Wengi huenda PSSSF bure. Mfuko ule, ulioundwa 2018, ni wa watumishi wengine wa umma. Uhakiki wa wastaafu ukitangazwa, nenda mwenyewe na vitambulisho vyako. Anayekupigia simu akitaka pesa ili "aharakishe" mafao ni tapeli.

Nimepata kiinua mgongo. Ninunue shamba?
Nunua, lakini taratibu. Hapa ndipo wastaafu wengi huumia. Miaka 20 ukiwa kambini, mti uliokuwa alama ya mpaka umekatwa, na mzee aliyeujua amezikwa. Anakuja muuzaji na karatasi ya mkono, mnasaini chini ya mwembe, fedha inakwenda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kugawa ardhi, tena kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Basi anzia ofisi ya kijiji kabla hujatoa hata shilingi. Tembea mpaka wote pamoja na majirani, kisha omba hati ya hakimiliki ya kimila. Na kwa upande wa Hanang, eneo lisilolimwa huenda ni malisho ya Wabarbaig. Kutolimwa si kukosa mwenyewe.

Naweza kuvaa kombati yangu ya zamani shambani?
Hapana, hata kwa kupalilia vitunguu saumu. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya jeshi, na wewe sasa ni raia.

Mume wangu huamka saa kumi alfajiri, hukunja blanketi kama anayekaguliwa, kisha hukaa kimya hadi jua litoke. Amerogwa?
Hajarogwa, mama. Kambini kila saa ilikuwa na amri yake; nyumbani hakuna anayempangia. Kuamka mapema ni mazoea tu. Lakini akiwa hasemi na mtu, anashtuka usingizini, au amegeukia pombe, huenda amebeba aliyoyaona kazini, pengine mashariki mwa Kongo, ambako Tanzania ilianza kupeleka kikosi cha kulinda amani mwaka 2013. Hali hiyo ni ugonjwa unaotibika. Hospitali ya Kilutheri Haydom inatoa huduma za afya ya akili. Usimtume peke yake kama mtuhumiwa. Nenda naye, kaa naye kwenye benchi, na uende mapema.