Dola ikipanda faida hupungua kwa kasi zaidi: somo kwa waagizaji na wenye mitaji midogo

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mali Guangzhou au Dubai hufanya biashara mbili kwa wakati mmoja, hata kama leseni yake inataja moja. Ya kwanza ni ile anayoijua vizuri: kuchagua mali, kupatana bei, kusafirisha na kuuza. Ya pili ni biashara ya fedha za kigeni. Anaahidi dola leo, anakusanya shilingi miezi mitatu baadaye, na katikati ya safari hiyo bei ya dola haimsubiri. Wengi huipigia hesabu ile ya kwanza hadi senti ya mwisho, na hii ya pili wakaiachia bahati.

Hasara yake huonekana upesi kwenye karatasi. Chukua mfano wa muagizaji wa vipuri vya magari. Ameagiza mali ya dola 20,000 siku ambayo dola moja inauzwa Sh. 2,500, yaani Sh. milioni 50. Ushuru na kodi bandarini anakadiria milioni 20. Nauli, wakala wa forodha na gari la kufikisha mzigo dukani milioni 6. Jumla ni milioni 76. Anatarajia kuuza kwa milioni 86 na kubaki na faida ya milioni 10. Ametanguliza asilimia 30 ya bei, yaani dola 6,000, kama wanavyotaka wauzaji wengi wa China. Dola 14,000 zilizobaki atazilipa mzigo ukiwa tayari kupakiwa, baada ya siku 60.

Siku 60 zinapita na dola imefika Sh. 2,700. Imepanda kwa asilimia 8 tu, jambo ambalo magazetini hupewa aya mbili. Lakini dola 14,000 zilizokuwa milioni 35 sasa ni milioni 37.8. Forodha nayo haikumbuki bei ya siku ya kuagiza: thamani ya mali hugeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango kinachotumika mzigo unapofanyiwa tathmini, hivyo yale makadirio ya milioni 20 yanakuwa milioni 21.6. Nyongeza zote mbili ni milioni 4.4, na faida imebaki milioni 5.6. Dola imepanda asilimia 8, faida imeshuka asilimia 44.

Sababu yake ni kwamba faida ni tabaka jembamba lililokaa juu ya gharama kubwa. Gharama ikitikisika kidogo, tabaka hilo ndilo linaloliwa kwanza. Aliyepanga faida ya milioni 5 katika mzigo huo huo angebaki na laki 6, na pengine asingeiona hata hiyo baada ya kulipa pango.

Jibu la haraka la wengi ni kwamba watapandisha bei. Linawezekana pale ambapo kila muuzaji wa mtaa ule amenunua kwa dola ya bei mpya. Jirani mwenye mzigo wa zamani, uliolipiwa dola ilipokuwa 2,500, hana haraka ya kupandisha, na mteja wa jumla kutoka Mwanza au Mbeya atapita maduka yote kabla ya kufungua pochi.

Wapo pia wanaoamini kwamba wanaikwepa dola kwa kununua Dubai kwa dirham. Hilo ni kosa. Tangu mwaka 1997 dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725. Dola ikipanda dhidi ya shilingi, dirham inapanda nayo kwa kiasi kile kile. Yuan ya China ni tofauti kidogo, kwa kuwa kamba yake kwa dola ililegezwa mwaka 2005. Kulipa kwa yuan huweza kumwondolea muuzaji gharama ya kubadili fedha, na mnunuzi mjanja ataomba apunguziwe bei kwa ajili hiyo. Hatari yenyewe inabaki pale pale.

Kwa Tanzania, hatari hii katika sura yake ya sasa ina umri wa miaka thelathini na kidogo. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na mwaka 1994 likaanza soko la fedha za kigeni baina ya mabenki. Kabla ya hapo taabu ya muagizaji ilikuwa kupata kibali cha dola. Baada ya hapo taabu ikawa ni bei. Bei hiyo ina misimu yake: mara nyingi shilingi hubanwa nusu ya kwanza ya mwaka, kisha hupata nafuu watalii wanapokuwa wengi na fedha za korosho na mazao mengine zinapoingia. Muagizaji anayeweza kusogeza malipo yake kwa wiki chache afadhali aukumbuke msimu. Lakini asiuwekee dhamana nyumba, kwa sababu upo mwaka ambao msimu hufika na nafuu isifike.

Woga wa dola kupanda huzaa kosa la upande wa pili, nalo ni kurundika dola. Mwaka 2024 ulitoa somo la bure kwa wasiokuwamo. Kati ya Septemba na Oktoba dola moja ilivuka Sh. 2,700, na maneno ya mtaani yalikuwa kwamba inaelekea 3,000. Kufikia mwisho wa Desemba ilikuwa kwenye kama 2,400. Aliyenunua dola 10,000 kwa Sh. milioni 27 ili “kulinda thamani” alijikuta na milioni 24. Kenya iliyaona hayo mapema mwaka huo huo. Januari dola iligusa Sh. 160 za Kenya, kwa hofu kwamba Serikali ingeshindwa kulipa dhamana ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni. Februari ikauza dhamana mpya ya dola bilioni 1.5, hofu ikapungua, na mwisho wa Machi dola ilikuwa kwenye kama 130. Wazee wa biashara wa Nairobi hawakushangaa sana. Wanakumbuka dola ilivyomaliza mwaka 1993 kwenye kama Sh. 68, ikamaliza 1994 chini ya 45.

Kwa hiyo kinga haimfanyi mtu ashinde soko. Inampa kujua leo gharama ya mzigo wake itakuwa kiasi gani, ili auze kwa bei inayomfaa. Mwenye kinga ambaye baadaye dola ikashuka hajapata hasara ya kulilia, kwani hata aliyekata bima ya moto hasikitiki duka lisipoungua.

Kinga iliyo rahisi ni kununua dola kwa mafungu. Muagizaji wa mfano wetu anadaiwa dola 14,000 kwa siku 60. Akinunua dola 3,500 kila baada ya siku 15, kadiri mauzo ya mzigo uliotangulia yanavyoingia, atalipa bei iliyo karibu na wastani. Hatapata iliyo bora kabisa, wala hataangukia iliyo mbaya kabisa. Njia hii haihitaji afisa wa benki, inahitaji daftari lenye safu tatu: deni kwa dola, tarehe ya kulipa, na dola zilizokwisha kununuliwa. Inashangaza ni maduka mangapi yenye mauzo ya mamilioni kwa siku hayana daftari hilo.

Njia ya pili ni mkataba na benki wa kununua dola siku ya mbele kwa bei inayokubaliwa leo. Mabenki makubwa wanao, ingawa mteja mdogo mara nyingi huambiwa kiasi chake hakitoshi, na hapo kuungana na waagizaji wengine au kuzungumza na benki ya pili hakudhuru. Jambo linalowachanganya wengi ni jinsi bei hiyo inavyopatikana. Siyo utabiri wa benki, ni hesabu ya riba. Tuseme dola leo ni Sh. 2,500, riba ya shilingi ni asilimia 12 kwa mwaka na ya dola asilimia 5. Benki inayotaka kuwa na dola baada ya siku 60 inaweza kuzinunua sasa, ikapoteza riba ya shilingi na kupata riba ndogo ya dola. Tofauti hiyo kwa siku 60 inaipeleka bei kwenye kama Sh. 2,530, kabla benki haijaweka faida yake. Kwa dola 14,000, kinga hiyo inagharimu kama Sh. 420,000. Ukiiweka kando ya ile milioni 2.8, ni bei ya kufikiria. Ila mkataba unafunga pande zote mbili: dola ikishuka hadi 2,400, bado utailipia 2,530.

Anayeuza nje na pia kuagiza, kwa mfano msafirishaji wa ufuta anayenunua mitambo ng’ambo, ana kinga ya asili. Dola za mauzo azihifadhi kwenye akaunti ya fedha za kigeni azilipie mitambo. Kuzigeuza shilingi kwa 2,460 na kuzirudia mwezi ujao kwa 2,500 ni kumpa mwenye duka la fedha Sh. 40 kwa kila dola bila sababu. Aliyezoea kujikinga kwa kutaja bei za dukani kwa dola hana tena mlango huo, kwa kuwa kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kuweka bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Anachoweza ni kuandika kwenye nukuu ya bei kwamba inadumu siku 7, si mwezi mzima.

Kuhusu mikopo neno ni fupi. Riba ya mkopo wa dola huwa ndogo na huvutia. Makampuni mengi ya Indonesia yalivutiwa hivyo hivyo kabla ya mwaka 1997, yakakopa dola huku mapato yao ni rupia. Dola iliyokuwa kama rupia 2,400 ikavuka 10,000 Januari 1998, na madeni yakawa zaidi ya mara nne bila mtu kukopa hata senti ya nyongeza.

Linabaki kundi la wawekezaji wadogo, vijana zaidi, wanaocheza bei za sarafu kwa simu kupitia madalali wa ng’ambo. Hapa hatari ni ya namna nyingine. Dalali akimruhusu mteja kushika mara 100 ya amana yake, dola 200 zinashika dola 20,000, thamani ya mzigo wote wa vipuri uliotajwa hapo juu. Bei ikienda kinyume kwa asilimia 1, amana yote imekwisha, na asilimia 1 ni jambo ambalo euro na dola huweza kulifanya kwa siku moja. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo katika mikataba ya aina hiyo hupata hasara, ikaweka kikomo cha mara 30 kwa sarafu kubwa.

Wenye uzoefu hawahatarishi zaidi ya asilimia 1 au 2 ya mtaji katika dau moja, na huweka mapema amri ya kufunga hasara ikifikia kiasi fulani. Amri hiyo husaidia siku za kawaida. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa euro, na kwa dakika chache euro ikashuka hadi chini ya faranga 1. Amri za kufunga hazikupata mnunuzi kwa bei zilizoandikwa. Wateja wa dalali mmoja mkubwa wa Marekani, FXCM, walibaki wakidaiwa kama dola milioni 225 juu ya amana walizopoteza, na Alpari ya Uingereza ikafilisika. Kabla ya kutuma fedha, mwekezaji aangalie ni mamlaka gani imempa dalali leseni, kama mkataba unasema mteja hawezi kudaiwa zaidi ya amana, na ajaribu kutoa kiasi kidogo kwanza aone kama kinatoka.