Dondoo muhimu: Mzamiaji katika nyumba ya wageni ya bei nafuu, Nungwi

• Maji ya bomba Nungwi, kama kwingineko katika pwani ya kaskazini ya Unguja, mara nyingi huwa na chumvichumvi. Kwa hiyo inafaa mgeni aulize, kabla ya kulipia chumba, iwapo yapo maji matamu ya kusuuzia vifaa, kwani chumvi ikikauka huharibu kidhibiti hewa, yaani kifaa kinachopunguza kanieneo ya hewa ya mtungi ili mzamiaji aweze kuivuta kwa mdomo.

• Nguo ya kuzamia, ambayo ni vazi la mpira linalohifadhi joto la mwili, ianikwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huchakaza mpira.

• Umeme unaweza kukatika usiku. Hivyo tochi na kompyuta ya kuzamia, yaani kifaa kinachofuatilia kina na muda wa mzamio, zichajiwe mapema.

• Baada ya mizamio ya siku kadhaa, kama ile ya kisiwa jirani cha Mnemba, mzamiaji asipande ndege kabla ya saa 18 kupita, kwa kuwa naitrojeni iliyoyeyuka mwilini huweza kuunda viputo vya hatari kanieneo inapopungua ndani ya ndege. Usiku mmoja wa ziada hapo gesti ni kinga ya uhai.