Taya lililovunjika halikandwi

SWALI: Daktari, mdogo wangu ni dereva wa bodaboda. Jumapili alianguka, kidevu kikapiga lami. Shavu limevimba lakini anaongea, kwa hiyo nyumbani wanasema taya ni zima. Mama anamkanda kwa maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni. Zahanati walitupa rufaa, imeandikwa S02.6. Twende, au tusubiri uvimbe ushuke? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Nendeni leo, na maji ya moto mama ayamwage.

Hili la "mbona anaongea" nimelisikia mara nyingi mno. Nimewapokea watu waliovunjika taya pande mbili wakijieleza vizuri kabisa mapokezi. Mwulize mdogo wako mambo matatu: meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani? Mdomo wa chini una ganzi? Kuna damu iliyovilia chini ya ulimi? Akikubali hata moja, chukulieni kuwa taya limevunjika. Pigo la kidevu huweza kuvunja mfupa mbali na lilipotua, karibu na sikio, mahali ambapo nyumbani hakuna anayepatazama.

Sasa kukanda. Taya likivunjika penye meno, fizi huchanika, na mfupa unabaki wazi kwa mate na vijidudu vya kinywani. Mkono unaosugua unavisogeza vipande, vinasagana, vinaujeruhi mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa, na joto linazidisha uvimbe. Siku chache baadaye huja usaha. Usaha ukishuka chini ya ulimi na shingoni, mgonjwa hawezi kumeza mate yake, kisha pumzi inaanza kuziba. Kijana mmoja niliyempokea alikuwa amekandwa siku tisa na watu waliompenda kwa moyo wote. Tulilazimika kumtoboa koo apate hewa kabla hata ya kulifikiria taya.

Na mzee yeyote atakayesema alivute "lirudi", mkatalieni kwa heshima, lakini mkatalieni.

Uvimbe si sababu ya kusubiri. Mfupa usiopangwa nao huunga, ila huunga upogo, na mtu hatafuni sawasawa tena. Tukimpata akiwa amechelewa, huenda tukalazimika kuuvunja upya. Kwa mtoto ni hatari zaidi: kiungo cha karibu na sikio kinaweza kuganda, kinywa kisifunguke, na kidevu kikadumaa.

Hiyo S02.6 ni alama ya kimataifa ya kuorodhesha magonjwa na majeraha. S02 ni kuvunjika kwa mifupa ya fuvu na uso. Nambari 6 inataja taya la chini. Kwa hiyo zahanati walishawaambia, kwa lugha ya makaratasi, jambo ambalo nyumbani bado mnabishania. Kama ana bima, hakikisheni hospitali haiandiki S03.0, ambayo ni taya lililoteguka. Tiba yake ni nyingine, na madai yanaweza kukataliwa.

Huko atapigwa picha, atapewa antibiotiki, na sindano ya pepopunda ikihitajika. Kisha ama meno ya juu na ya chini yafungwe pamoja kwa nyaya, mara nyingi wiki 4 hadi 6, ama afanyiwe upasuaji wa kuwekewa vibati na skrubu. Akifungwa nyaya atakunywa uji mwepesi, maziwa, supu na mtori uliosagwa. Koleo la kukatia nyaya likae karibu naye usiku na mchana, maana akitapika kinywa kikiwa kimefungwa anaweza kupaliwa.

Njiani akae ameinamia mbele ili damu na mate vitoke. Asilazwe chali, wala msimkaze kidevu kwa kanga. Pumzi ikianza kumsumbua, mshusheni kwenye hospitali yoyote iliyo karibu, hata kama siyo iliyoandikwa kwenye rufaa.