Soketi Hii Iko Breka Gani?

Wakati wa TP mwaka jana, mimi na mwenzangu tulipanga chumba Katoro, mkoani Geita, kwenye nyumba ya wapangaji wanne na LUKU moja. Soketi yetu ilikuwa inatoa cheche. Mwenzangu akaenda kwenye bodi, akashusha breka moja, taa ya chumbani ikazima. "Umeme haupo, fungua tu," akasema. Nikashika bisibisi. Nilipopata akili nilikuwa nimekaa chini, mkono umekufa ganzi mpaka begani.

Kosa letu lilikuwa kuamini taa. Taa na soketi, hata zikiwa ukuta mmoja, kwa kawaida haziko breka moja. Fundi huvuta waya za taa kivyake, labda breka ya ampea 10, na za soketi kivyake, kwenye breka kubwa zaidi. Halafu nyumba zetu huku, Katoro kama Kahama, zinakua kwa awamu: hela ikipatikana chumba kinaongezwa uani, fundi wa pili anaunga waya palipo karibu. Mwenye nyumba mwenyewe hajui.

Baba mdogo, anayefanya kazi mgodini, alikuja kunipa pole. Nilipomwamkia tu akauliza, "Kufuli lako lilikuwa wapi?" Kwenye migodi mikubwa, anayetengeneza mashine huzima swichi yake, akaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, akaweka kadi yenye jina lake na ufunguo mfukoni. Kisha anajaribu kuiwasha, aone kama kweli imezima. Sasa sisi tungefunga nini, na breka zote nane hazina hata namba?

Jumamosi tukawaomba wapangaji wote ruhusa. Tukaandika namba 1 hadi 8 kwenye bodi, bila kufungua mfuniko wake; vidole viliishia kwenye vishikio tu. Mwenzangu akabaki pale na simu. Mimi nikazunguka na redio ndogo, nikaichomeka kila soketi kwa zamu, sauti juu, yeye akishusha breka moja moja. Redio ikinyamaza, naandika namba kwenye kipande cha plasta, nabandika pembeni mwa soketi. Swichi za taa vilevile. Soketi za mapacha tulijaribu zote mbili. Mwisho nikachora ramani ya nyumba kwenye daftari, nakala tukaibandika ndani ya mlango wa bodi. Saa moja na nusu, basi.

Namba haiondoi haja ya kupima. Kabla ya kugusa, testa ijaribiwe kwanza kwenye soketi yenye umeme, ndipo uiamini ikikuambia hakuna. Na akija fundi kuongeza kitu, zungukeni upya. Ile soketi ya cheche hatukuigusa tena, tulimwita fundi mwenye leseni ya EWURA.

Yetu ilikutwa namba 6, pamoja na friji ya mama wa chumba cha pili anayeuza juisi. Siku fundi alipokuja tulishusha 6, tukabandika karatasi: USIWASHE, KUNA MTU KWENYE WAYA. Mama akaisoma, akaguna.

"Haya mwalimu. Ila siku nyingine mkishusha sita mniambie mapema, nina maembe humo."